Dijei Hajui Kunyamaza

Nyumbani kwetu kuku nachinja mimi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Ikolo hakuna asiyelijua, na mgeni akiuliza njia ya kuja kwetu ndilo analoambiwa kwanza. Mwanamke mwenye mume mzima, anayetembea na kula, anamshika kuku mabawa nyuma ya jiko na kummaliza mwenyewe. Zamani nilisubiri majirani waende shambani. Siku hizi sisubiri. Nimechoka kujificha na kuku.

Mume wangu ni Anyisile. Alikwenda vita vya Kagera nikiwa na mtoto wetu Wilson mgongoni, akarudi mzima. Watu walimtazama vidole, miguu, macho, wakakuta vyote vipo, wakacheza ngoma mpaka vumbi likaingia kwenye vyungu. Mimi ndiye niliyeona kilichopungua. Baba yangu alikuja kumpa mkwe wake pole ya safari, nami nikamletea mume wangu jogoo na kisu, kama ilivyo desturi. Anyisile akakitazama kile kisu muda mrefu. Akakiweka chini taratibu, akatoka, akaenda kukata majani ya migomba ambayo hakuna aliyemtuma. Baba akaniangalia. Nikasema, "Mkono wake wa kulia una ganzi, baba. Tangu vitani."

Neno lile lilinitoka mara moja tu, lakini nimelilea maisha yangu yote. Mkono wa Baba Wilson ukawa kama mtu wa tatu katika ndoa yetu. Akiitwa msibani kusaidia kuchinja ng'ombe, mkono unauma. Sikukuu ya Krismasi, mkono umevimba. Wilson alipokua akawa anachinja kwa niaba ya baba yake, nami nikapumzika kidogo. Kisha Wilson akafariki, akatuachia mtoto wake Prisca, na kisu kikarudi kwangu.

Jirani yangu Dainess hunichokoza tukikutana bombani.

"Dada, huo mkono wa shemeji una akili. Panga la migomba unalishika, jembe unalishika, kikombe cha pombe ya kimpumu ndiyo kabisa hauachii. Ukiona kuku tu, unakufa."

"Unachagua kazi, mdogo wangu. Kama mikono yako inavyokufa ikiona vyombo vichafu."

Tunacheka, tunabeba ndoo. Lakini nikifika nyumbani nakaa kwanza.

Maana si mkono tu. Aliyeondoka alikuwa akiimba akikamua, na kila ng'ombe alimpa jina na sifa zake. Aliyerudi aliuza ng'ombe wote, akapanda kakao. Hakuwahi kunipiga, hakuwahi kulala nje, sina la kumshtaki. Ni kwamba alirudi bila maneno. Watu walipomuuliza vita vilikuwaje, alitazama chini, na mimi nikajibu. "Anasema kulikuwa na baridi." "Anasema walitembea sana." Hakuniambia hata moja katika hayo. Niliyaokota redioni na kwa wake za wenzake, nikayashona, nikamvika.

Sasa nije kwa kijana aliyemchumbia Prisca.

Mwaka huu kakao ilizaa vizuri. Jumamosi moja tulikaa kulizunguka rundo la matunda, Anyisile anapasua kwa rungu lake fupi, Prisca anachomoa punje, na mimi natandika majani ya mgomba kwenye tenga la kuvundikia. Prisca alikuwa amemleta mwenzake, Deusdedit, mwalimu wa sekondari, kijana mrefu wa sauti ndogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kuonekana. Tuliambiwa kwao ni mbali, na kwetu mtu akishavuka Mbeya ni mbali tu, hatuulizi zaidi siku ya kwanza. Alikunja suruali yake ya kazini akaingiza mikono kwenye kakao bila kuambiwa. Nikampenda kwa hilo.

Mimi mikono ikifanya kazi mdomo hautulii. Elimu yangu ni ya darasa la saba, lakini vitendawili ninavyo vya kutosha chuo kikuu.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," wakaitikia.

"Nyumba yangu ya njano haina mlango wala dirisha, na watoto wangu mle ndani wamejifunika mashuka meupe."

Deusdedit alikuwa ameshika tunda lililopasuliwa, punje zimelala ndani na ute wake mweupe. Akalitazama, akanitazama. Nadhani jibu alikuwa nalo, ila alitaka nishinde.

"Yai, bibi."

"Yai la njano umelikuta wapi, mwalimu?"

"Basi papai."

"Watoto wa papai ni weusi, na hawana shuka."

Prisca akacheka. "Ameshindwa, bibi. Mwambie."

"Nimwambie bure? Anipe mji kwanza."

"Hata kwetu tunatoa mji," akasema Deusdedit. "Chukua Kyaka."

"Kyaka ndiko wapi? Usije ukanipa kijiji cha vyura."

"Ndiko kwetu, bibi. Kagera. Pale penye daraja."

Rungu la Anyisile lilikuwa linagonga muda wote, po, po, po, mpaka ukalisahau. Likanyamaza.

Nikafanya haraka, maana ukipewa mji sharti uende. "Haya, nimekwenda Kyaka, nimepokelewa vizuri, nimekula ndizi na samaki, nimelala, nimerudi. Jibu ni kakao uliyoshika."

Lakini Prisca alikuwa ameshageuka. "Babu, si ndiko ulikopigana? Si ulikuwa Kagera wewe?"

Deusdedit akasimama, maji ya kakao yanamtiririka mpaka kwenye viwiko. Akamwinamia mume wangu. "Kumbe ni ninyi, babu. Shikamoo tena. Mama yangu alikuwa mtoto wakati ule, walikimbia na vigodoro kichwani. Mpaka leo husema kama si ninyi tusingekuwa na pa kurudi."

"Marahaba," akasema Anyisile. Akachukua tunda lingine, akaligeuzageuza, hakulipasua.

"Mkono umemchoka," nikasema mimi.

Jumapili iliyofuata Deusdedit akaja na zawadi. Alikuwa amekwenda Bondeni, kule mjini, kwa wale vijana wanaorusha filamu kwenye flashi, akachagua moja ya vita. Ya zamani, alisema, ya heshima, aliwahi kuitazama chuoni ikamkosesha usingizi. Alidhani mtu aliyepigana vita atafurahi kuona vita. Sikumlaumu. Ukimpelekea mvuvi picha ya samaki, nani atakwambia umekosea?

Ilikuwa imetafsiriwa. Kwa asiyejua mambo hayo, kuna vijana mjini huichukua filamu ya Kizungu na kusema juu yake kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho, sauti moja kwa watu wote: mwanaume yeye, mwanamke yeye, hata farasi yeye. Tunawaita madijei. Watoto wa jirani walijaa sebuleni mpaka dirishani. Dainess akaja na kigoda chake mwenyewe.

"Nasikia kuna sinema na mkwe. Nimekuja kumtazama mkwe," akasema.

Filamu haikuwa na rangi. Kijana mwenye masikio makubwa, mtoto wa mwoka mikate, anaitwa vitani. Dijei alimpa jina la Dogo Mkate. Anamwachia mama yake duka, anapanda treni. Kisha ni theluji na mashimo na mizinga, watu wanakimbia wanaanguka, na dijei naye anakimbia nao: "Oya, Dogo Mkate kaingia kazini, leo mtaelewa." Watoto wanapiga makofi. Mimi sikuitazama sana, nilimtazama mume wangu. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, kofia gotini, ametulia. Milio haikumshtua. Mtu alipokatika mguu hakukunja hata uso. Nikaanza kupumua. Nikasema moyoni, huenda yamekwisha, huenda nimekuwa nikilinda nyumba isiyo na mwizi.

Vita vikaisha. Dogo Mkate akarudi kwao. Mama yake amezeeka kidogo, amefunga kitambaa kichwani, anamkalisha mezani. Anaweka mkate mzima mbele yake. Kando ya mkate anaweka kisu, kwa sababu mwanzo wa filamu tuliona kwamba nyumba ile mkate alikuwa anakata yeye. Kijana anakitazama. Anaendelea kukitazama. Hakuna muziki. Midomo yake imefungwa, kila mtu pale sebuleni aliona imefungwa.

Dijei akasema, "Mama, vita ilikuwa freshi tu. Nimewanyoosha wote. Lete mkate nile."

Watoto wakacheka, Dainess akacheka. Anyisile akasimama, akavaa kofia yake, akatoka.

"Mkono," nikamwambia Deusdedit kabla hajauliza. "Akikaa sana unamuuma."

"Mkono, bibi?"

Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, kwa upole mwingi mno. Nikamfuata mume wangu.

Nilimkuta kwenye kichanja cha kuanikia, anazigeuza punje kwa kiganja, jua limeshapoa. Nikasimama upande wa pili nami nikageuza.

"Hakusema," akasema.

"Nani?"

"Yule kijana. Hakusema kitu. Mdomo ulikuwa umefungwa."

"Ndiyo kazi ya dijei, Baba Wilson. Watu hawataki kutazama kimya."

"Hajui kunyamaza."

"Hajui, kweli."

Akageuza konzi nzima ya punje, akazisambaza vizuri. "Na wewe hujui."

Hakulisema kwa hasira, ndiyo maana liliingia. Angekuwa na hasira ningemjibu, majibu ninayo mengi. Nilibaki naokota vipande vya maganda vilivyochanganyika na punje, navitupa chini kimoja kimoja.

"Mama yake Deusdedit anakuja lini?" akauliza.

"Mwisho wa mwezi. Na mjomba wake."

"Siku hiyo mimi nitakuwa Njisi, kwa dada yangu."

"Baba Wilson. Baba wa Prisca yuko kaburini. Ukikosekana wewe, watu wale wanapokelewa na nani? Wametoka mwisho wa nchi, wafike hapa wakute wanawake na kakao? Watajua tumewakataa. Watageuza, na hawatarudi."

"Utawaambia mkono."

"Mkono hauendi Njisi peke yake."

Karibu atabasamu. Halafu uso ukarudi pale pale. "Wangekuja wa kwingine ningekaa," akasema. "Siwezi kumchinjia mtu wa kule. Siwezi hata kukaa mbele yake."

Hapo Prisca alikuwa amefika na chai ya babu yake. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliweka kikombe ukingoni mwa kichanja, chai ikamwagika kidogo kwenye mkeka. Akaipangusa kwa kona ya kitenge chake. Mtoto yule tumemlea sisi, na tumemfundisha vizuri kutosema.

Nilimsubiri aende. Kisha nikasema jambo ambalo sikujua kama ninalo.

"Nenda Njisi ukitaka. Ila safari hii mimi siwaambii kitu. Si mkono, si baridi, si tumbo. Wakiuliza nitanyamaza mpaka waondoke. Nimechoka, Baba Wilson. Nimekusemea tangu Wilson ananyonya. Kama kuna la kusema, sema wewe. Kama halipo, basi lisiwepo mbele ya watu wote, na mimi niwepo nilione."

Akaniangalia. Sidhani alikuwa ameniangalia hivyo tangu tulipokuwa vijana. Chai ikapoa pale pale ukingoni.

Mwisho wa mwezi ukafika. Hakurudia habari za Njisi, wala sikuuliza. Asubuhi ya wageni nilimwona amefunga mfuko wake wa turubai kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, amevaa koti, baiskeli ameiegemeza ukutani, naye amekaa kwenye benchi pembeni yake. Sikumwambia nenda, sikumwambia baki. Nilikuwa na mchele wa kuchagua na samaki wa kukaanga, mbasa wakubwa waliotoka ziwani alfajiri. Kuku sikumshika hata mmoja siku hiyo. Nilitaka nyumba ionekane ilivyo.

Kwetu mkwe akija mara ya kwanza, mnyama wake huletwa mbele yake akiwa hai. Mgeni anamgusa mgongo, anasema nimemwona. Kisha mwenye nyumba anamchinja kwa mkono wake mwenyewe, si kwa mkono wa kijana wala wa jirani. Tulikuwa tumemtenga mbuzi jike mweupe mwenye sikio moja jeusi, na kisu kipo kwenye sinia, nimekifunika kwa jani la mgomba. Kila nilipopita na sufuria nililitazama lile jani.

Wageni wakafika saa sita, Deusdedit yuko mbele. Mama yake, Odilia, alikuwa mwembamba, amevimba miguu kwa kukaa kwenye basi, na alipofika tu akaomba ruhusa ya kuvua viatu. Kaka yake Oswald alikuwa mtu mnene mwenye tai, mwepesi wa maneno. Anyisile alisimama akawapa mkono, akawaamkia "Mugonile," wao wakacheka kwa kutojua kuitikia, Prisca akawafundisha. Kisha akakaa tena kwenye benchi lake karibu na baiskeli. Mfuko waliuona. Hakuna aliyeuliza.

"Mchele wa Kyela tumeunusa njiani," akasema Oswald. "Sasa nasubiri kumjua mwenzake."

"Mwenzake yupi, mkwe?" nikauliza.

"Yule wa miguu minne."

Prisca akamleta mbuzi kwa kamba. Alikuwa amevaa kitenge kipya na uso wake ulikuwa mkavu, kama wa mtu anayesubiri majibu hospitali. Odilia akainuka bila viatu, akaweka kiganja kwenye mgongo wa mbuzi, akakiacha pale kidogo.

"Nimemwona," akasema.

Tukamgeukia Anyisile sote. Ng'ambo ya ua kichwa cha Dainess kilikuwa kimeshatokeza, hakujisumbua hata kujifanya anaanika nguo. Mume wangu hakusogea. Alikuwa ametazama sinia.

Nilikuwa na neno tayari. Miaka yote hiyo linakuja lenyewe, kama mate. Nikafungua mdomo, nikamwona Prisca ananiangalia, nikaufunga. Mbuzi akaanza kutafuna mkanda wa ule mfuko wa turubai, na sauti ya meno yake ilisikika uani kote. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitamani hata dijei.

"Mama," Anyisile akasema. "Mimi sichinji."

Oswald akacheka. "Mzee, hilo lisikupe tabu. Nivue tai nikusaidie."

Odilia akamgusa kaka yake bega kumzuia. Akarudi kwenye kiti, akakaa akimwelekea mume wangu, mikono mapajani.

"Nilikuwa kwenu," Anyisile akaendelea. Alikuwa anazungumza na kofia yake. "Tulifika mahali, watu wamekimbia wote, migomba imeanguka. Tulikuwa hatujala. Tukakuta mama mmoja amerudi, yuko peke yake, na ng'ombe mmoja. Sijui alimficha wapi. Hatukumwomba. Akasema, kuleni, wanangu. Tukakataa. Akakataa tusikatae." Akameza mate. "Wakanipa kisu mimi, kwa kuwa wenzangu walijua nimekulia kwenye ng'ombe. Alikuwa ananyonyesha, yule ng'ombe. Maziwa yanamtoka. Na yule mama akapiga magoti, akanishikia miguu yake. Ya ng'ombe wake. Ili niweze."

Akaigeuza kofia mikononi.

"Tukala. Kesho yake tuliondoka, na wengi wa waliokula hawakufika mbali. Sijashika kisu cha damu tena. Mkono wangu ni mzima. Mke wangu amekuwa akisema una ganzi ili kunisitiri. Ni mzima." Akaunyanyua, akaufunga na kuufungua, akauweka chini.

Upande wa ua, kichwa cha Dainess kikateremka polepole.

Odilia akauliza, "Ulimwambia nini yule mama?"

"Sikumwambia kitu."

"Hata kuaga?"

"Hata kuaga. Ndilo hilo, mama."

Nilitegemea Odilia atasema jambo la kumfariji, jambo kama yale ninayosema mimi. Hakulisema. Alikaa, akajikanda mguu mmoja kwa mwingine. Mwishowe akasema, "Si mama yangu. Sisi hatukuwa na ng'ombe, tulikuwa na mbuzi. Tuliporudi zizi lilikuwa tupu, wale askari wa adui walichukua hadi kamba. Baba yangu alikuwa anakwenda kusimama pale kila jioni, mbele ya zizi tupu. Mpaka amekufa."

Akamtazama yule mbuzi mweupe mwenye sikio jeusi. "Najua huyu ni wa heshima. Msiponichinjia mtasemwa. Lakini mimi naomba heshima yangu nipewe akiwa anatembea."

"Dada," akasema Oswald, "mimi kwenye basi na mbuzi sipandi. Nimeshasema."

"Atakaa kwa watoto. Nyumba yao ianze na mnyama kwenye zizi." Akamgeukia Anyisile. "Unaweza kunipa kamba, baba?"

Anyisile akainuka. Akamchukua mbuzi kutoka kwa Prisca, na ingawa alikuwa anashika kamba ya mnyama kwa mara ya kwanza tangu auze ng'ombe wake, alitengeneza fundo upya, lile fundo la wachungaji lisilokaba. Vidole vilikuwa havijasahau. Akamkabidhi Odilia kwa mikono miwili. Odilia akapokea kwa mikono miwili. Prisca akaingia ndani, nikasikia anapenga kamasi kwenye pazia langu.

Tulikula wali na mbasa. Oswald alikula sahani tatu huku akitangaza kwamba samaki si nyama. Mambo ya mahari waliyazungumza wanaume, na yalikwenda vizuri kwa vile kila mtu alikuwa amechoka kubishana. Jioni Deusdedit akawasindikiza wageni wake kuelekea mjini walikopanga kulala, anavuta mbuzi, mbuzi hataki, mwalimu mzima anaburuzwa kuelekea kwenye mpunga wa watu. Dainess alisimama barabarani kuwaaga.

Alipopita kwangu hakuchokoza. Alinishukuru tu, "Ndaga, dada." Nikajua kesho atachokoza, lakini lingine.

Mume wangu aliufungua mfuko wake kutoka kwenye baiskeli akauingiza ndani. Nilimpa maji ya kuoga. Watoto wa jirani walikuwa wameshaingia sebuleni wanawasha televisheni, ile flashi bado imo, wanamtaka Dogo Mkate.

Anyisile akaja akakaa kwenye kiti chake cha mlangoni. "Iacheni," akasema. "Ila zimeni sauti."

"Babu, sasa tutaelewaje?"

"Mtaelewa."

Wakanung'unika, wakazima. Nilikaa chini kwenye mkeka, mgongo unaniuma, miguu nimeinyoosha. Treni ikaondoka bila kelele. Theluji ikaanguka, watu wakaanguka, kimya. Watoto walianza kwa kucheka, kisha wakaacha, wakasogeleana. Ikafika ile meza. Mama mwenye kitambaa akaweka mkate, akaweka kisu. Kijana akakitazama.

Mtoto mmoja akanivuta kitenge. "Bibi, anasema nini?"

"Muulize babu."

"Hasemi," akasema Anyisile.

Hakusimama. Sehemu iliyobaki hatukuwa tumeiona, mimi na yeye, kwa sababu mara ya kwanza tulikuwa nje kwenye kakao. Kijana alikaa na mikono yake chini ya meza muda mrefu. Mama yake akarudi kutoka jikoni, akamwangalia, akaangalia mkate mzima. Akafuta mikono kwenye aproni. Kisha akakichukua kile kisu, akaukata mkate mwenyewe.